Somo: Refa, kamba ya katani na uwanja mbovu

Wanachama, salamu. Somo hili niliahidi tangu masika yaanze. Limekawia kwa sababu masika yenyewe yaliniweka viwanjani kila wikendi, na nikirudi nyumbani nilikuwa natoa matope kwenye filimbi kwa kijiti cha meno badala ya kuandika.

Nawaandikia hasa marefa wachanga wa ligi za chini hapa Mombasa, wale wanaopangiwa mechi Kisauni, Likoni, Changamwe, Jomvu. Ukipangwa uwanja wa Mbaraki wanapochezea timu ya Bandari, nusu ya maneno haya hutayahitaji. Lakini wengi wetu tumeanzia viwanja vya shule za msingi, ambavyo Ijumaa vilikuwa na mkutano wa siasa, Jumamosi vikawa na hema la harusi, na Jumapili saa kumi watu wanataka mpira.

Msimamo wangu niuseme mapema: uwanja unakubaliwa au unakataliwa kabla ya filimbi ya kwanza. Ukishapuliza, umeukubali pamoja na mashimo yake. Haiwezekani dakika ya 70, timu ya nyumbani imefungwa mawili na mashabiki wameanza kusogea, ndipo ugundue kwamba upande wa kaskazini una kokoto. Kokoto zile zilikuwepo saa tisa. Kinachoweza kukufanya ufikirie upya ni jambo jipya: mvua imeshuka, mtambaa panya (mlingoti wa juu wa goli) umeanguka, giza limeingia.

HATUA YA 1: NJOO NA VYAKO

Usitegemee vifaa vya wenyeji. Utaambiwa tepu iko, na aliyeichukua yuko Mtwapa.

Mimi nina kamba ya katani, nene kama kidole cha mwisho, niliyoifunga vipande vya leso kuukuu. Kipande cha kwanza kiko mita 1, kwa robo duara ya kona. Cha pili mita 5.5, kisanduku kidogo. Cha tatu 9.15, kwa duara la kati na kwa umbali wa ukuta kwenye frikiki. Cha nne 11, alama ya penalti. Cha mwisho 16.5, kisanduku kikubwa. Kwa kamba hiyo moja nakagua karibu uwanja mzima bila kumsumbua mtu. Tahadhari yake ni kwamba katani ikilowa hufupika, kwa hivyo kila msimu naipima upya kwa tepu ya fundi. Ya nailoni nayo huvutika. Chagua dhambi yako.

Nina pia ufito wa mwanzi wenye alama ya mita 2.44, pampu yenye geji, filimbi mbili na koleo. Mpira unaruhusiwa kuwa na presha kati ya 0.6 na 1.1 za anga (atm). Uwanja ukiwa mkavu na mgumu kama sakafu, usiujaze hadi mwisho; utaruka juu ya vichwa vya watu mchana kutwa na mechi itageuka voliboli.

HATUA YA 2: FIKA KABLA YA TIMU

Saa moja na nusu kabla ya mechi. Wa kuvuka feri aongeze yake. Sababu ni ya kawaida kabisa: ukiona kasoro dakika 15 kabla ya kuanza, huna la kufanya ila kuruhusu au kukataa. Ukiiona saa moja na nusu mapema, unaweza kumtuma mtu nyundo.

HATUA YA 3: ANZA NA MAGOLI

Watu huanza na mistari kwa sababu ndiyo inayoonekana. Anza na magoli, kwa sababu ndiyo yanayoua. Sukuma kila mlingoti kwa bega. Vuta mtambaa panya kwenda chini kama kipa atakavyofanya. Magoli ya mabomba yanayohamishwa sheria inayataka yafungwe imara ardhini. Kwenye upepo wa kusi nimeona goli tupu likipinduka lenyewe, neti yake imejaa upepo kama tanga. Magunia ya mchanga kwenye bomba la nyuma, mawili kila upande, ndipo uanze kuongea na mtu.

Nikwambieni yaliyonikuta mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kipenga. Mtambaa panya wa mbao, ncha ya kushoto imefungwa kwa waya. Niliusukuma, ukalia kidogo, nikajisemea utafika dakika 90. Haukufika 60. Kipa aliruka kuokoa kona, akaugusa kwa mkono katika kushuka, ncha ile ikachomoka na kupita kando ya bega lake. Uwanja mzima ulinyamaza. Kisha wenyeji wakaja na kamba ya kuanikia nguo: "Refa, tufunge hii tumalize."

Sheria ya 1 ya soka imelisema hilo waziwazi. Mtambaa panya ukivunjika au ukitoka mahali pake, mchezo unasimama mpaka urekebishwe. Kamba au kitu chochote kinachopinda hakiwezi kushika nafasi yake. Usiporekebishika, mechi inavunjwa. Alipatikana fundi wa vitanda mtaa wa pili, akaja na misumari ya inchi sita na kaptura yake ya kazini, akaugonga mpaka ukatulia. Tulianza tena kwa mpira wa kudondosha, yaani refa anauachia chini na mchezo unaendelea. Lakini kosa lilikuwa langu saa tisa na nusu, nilipousikia ukilia.

Jambo lingine kwenye magoli ambalo wengi hulipita: urefu wa kutoka chini. Chini ya mtambaa panya hadi ardhini ni mita 2.44, na kwenye viwanja vyetu makipa wamechimba mahali wanaposimama mpaka pamekuwa bakuli. Ukipima kando ya mlingoti unapata 2.44, ukipima katikati unapata 2.60 na zaidi. Jaza udongo, ushindilie kwa miguu, pima tena katikati. Pia pitisha mkono nyuma ya milingoti kutafuta ndoano za neti zilizokatika. Koleo ni kwa ajili hiyo.

HATUA YA 4: TEMBEA UWANJA

Usitembee kwa kuuzunguka pembeni kama mgeni rasmi. Nenda kwa kukatakata, upande hadi upande, hatua tano tano mbele, macho chini. Ndivyo nilivyokipata kigingi cha chuma cha hema la harusi, kimebaki ardhini kama kidole, kwenye ukingo wa kisanduku kikubwa, nyasi chache zimekifunika. Hema lilikuwa limeondoka zamani. Mshambuliaji angekikuta kwa goti.

Tafuta pia vizibo vya soda na vipande vya chupa. Halafu mawe. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe, na kila mvua ikiondoa udongo kidogo, jiwe linatoa jino jipya. Dogo ling'olewe, shimo lijazwe. Likiwa ni mwamba wenyewe uliotokeza ndani ya uwanja na una makali, hapo hakuna cha kujaza. Uwanja huo haufai, na useme hivyo mapema ili timu ziende kwingine.

Maji ndiyo yenye ubishi mwingi, basi nitakaa nayo kidogo. Nashika mpira usawa wa kichwa, nauachia. Ukiruka, napita. Ukisema "chwa!" na kulala papo hapo, nachomeka kijiti. Kisha nausukuma kwa mguu uende mita kumi hivi, nitazame kama unafika au unakwama njiani. Nafanya hivyo visanduku vyote viwili, duara la kati, pembe zote nne, na njia watakazokimbia washika vibendera. Nikimaliza nageuka nyuma kuhesabu vijiti. Vikiwa vitatu vinne vya pembeni, tuna kazi ya nusu saa. Vikiwa vimejaa mbele ya goli na maji hayatoki, sina mechi.

Maji yanatolewa kwa ndoo na kipande cha godoro kuukuu. Unakikandamiza dimbwini, kinakunywa, unakikamua nje ya uwanja. Vijana wanne na vipande vinne hukausha mbele ya goli haraka kuliko unavyodhani. Wenyeji wengi hukimbilia kumwaga mchanga juu ya maji. Huko ni kuficha shimo: juu pakavu, chini uji, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Toa maji kwanza, mchanga baadaye.

HATUA YA 5: MISTARI

Upana wa mstari usizidi sentimita 12, na mstari wa goli uwe upana sawa na milingoti. Kisanduku kikubwa kikiwa sawa, upana wake ni mita 40.32, ambazo ni 16.5 kila upande na 7.32 za goli katikati. Kidogo ni 18.32. Ukitilia shaka pembe, mbinu ya fundi mwashi inatosha: mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na mshazari ni lazima usome tano. Nimeshakuta kisanduku kilichopinda mpaka mchezaji mmoja angekuwa ndani kwa kulia na nje kwa kushoto, akiwa amesimama umbali ule ule.

Mistari iwe imeunganika na isiwe hatari. Kwa hivyo mfereji wa jembe si mstari. Na tafadhali, chokaa ya tanuri, ile ya kupakia nyumba, isimwagwe uwanjani. Ikikutana na jasho au maji inaunguza, na kipa akiangukia uso juu yake utampeleka hospitali. Tumia unga wa chaki ya uwanja, au rangi nyeupe ya maji.

Vibendera vya kona ni vya lazima, urefu usipungue mita 1.5, na ncha isiwe kali. Ufito uliochongwa kama mkuki, hapana, hata ukiwa na leso nzuri juu yake.

HATUA YA 6: PEMBENI

Mashabiki wetu hupenda kukaa juu ya mstari, vidole vya miguu ndani ya uwanja. Vuta kamba mita mbili nyuma, mshika kibendera apate njia. Pikipiki ziondoke. Kibanda cha mahamri kisogee. Ukuta au mtaro ulio karibu sana na mstari nauhesabu kuwa sehemu ya uwanja, kwa kuwa winga hasimami pale mstari ulipoishia.

HATUA YA 7: AMUA, NA USEME MWENYEWE

Waite makepteni na makocha pamoja, wasikie kauli moja kwa wakati mmoja. Usimweleze mmoja kwanza. Sheria ya 5 imekupa wewe uamuzi kama hali ya uwanja, pembezoni mwake au hali ya hewa inaruhusu mechi. Imekukinga pia usibebeshwe dhima kwa uamuzi huo. Maoni ya makocha unayasikiliza kwa adabu, kura hawana.

Hesabu na jua. Mechi ya saa kumi kamili, pamoja na mapumziko ya dakika 15, inafika saa kumi na moja na dakika 45, kabla ya muda wa kuongeza. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, kuna miezi linawahi zaidi, na viwanja hivi havina taa. Ukikarabati hadi saa kumi na moja, umejipangia giza. Kupunguza dakika za kila kipindi kunawezekana pale tu mmekubaliana kabla ya kuanza na kanuni za mashindano zinaruhusu. Kukubaliana wakati wa mapumziko hakupo.

HATUA YA 8: MECHI IKISHAANZA

Kwanza, njia yako. Tumezoea kukimbia mshazari mmoja, kona hadi kona, ule tuliofundishwa kwenye kozi. Kama pembe mbili za mshazari huo ndizo zenye tope, hamia mshazari wa pili na uwaambie washika vibendera wabadilishe upande. Hakuna sheria inayokuzuia, na refa aliyekwama tope dakika ya 20 haoni tena kitu.

Pili, faulo. Hapa ndipo uwanja mbovu unapomtafuta refa. Kwenye tope, mchezaji anaanza kuteleza mita mbili kabla ya mpira na kusimama mita moja baada ya mguu wa mwenzake. Atainuka mikono juu: "Refa, nimeteleza!" Kweli ameteleza. Lakini aliyeamua kujirusha chini kwenye ardhi anayoijua ni ya kuteleza, uamuzi ni wake. Mimi hutenganisha hivi: kama alikuwa akikimbia tu na ardhi ikamnyang'anya mguu, nasema inuka tucheze. Kama alirusha mguu kugombea mpira na ardhi ikamkosesha shabaha, ni faulo, na kadi naifikiria kwa namna alivyoingia: uzembe tu hauna kadi, kutojali usalama wa mwenzake ni manjano, nguvu kupita kiasi ni nyekundu. Tope halipandishi kadi wala haliishushi.

Tatu, mpira unaogonga jiwe na kuruka mkononi. Si kila mguso ni kunawa. Mkono uko wapi? Umeupanua mwili isivyo kawaida? Ameupeleka kwenye mpira? Mpira uliobadilisha njia nusu mita mbele ya mtu haumpi nafasi ya kufikiri. Ila mfungaji ni habari nyingine: ukigusa mkono wake ukaingia, au akafunga papo hapo baada ya mguso huo, hata kwa bahati mbaya, goli halipo.

Nne, mpira wa kudondosha, kwa kuwa utautumia sana. Mpira ukiwa ndani ya kisanduku kikubwa uliposimamisha mchezo, unamdondoshea kipa wa pale. Ukiwa nje, unamdondoshea mchezaji mmoja wa timu iliyokuwa nao. Wengine wote, wa timu zote mbili, mita 4. Ule wa zamani wa watu wawili kugombana kama majogoo umeondolewa tangu 2019. Bado nakuta wazee wanaudai.

Mvua ikishuka katikati, simamisha, subirini, rudia kipimo cha mpira palepale ulipokuwa na vijiti. Muda uliopotea unaongezwa. Wakati wa kaskazi, joto likizidi na uwanja ni udongo mtupu, mapumziko ya kupoza mwili ni kati ya sekunde 90 na dakika 3, kama kanuni za mashindano zinayaruhusu.

HATUA YA 9: RIPOTI

Usiku ule ule. Saa uliyofika, ulichokuta, ulichoomba kirekebishwe, nani alikijibu, saa mliyoanza. Piga picha kabla ya mechi. Picha ni za ripoti. Ukizirusha WhatsApp zitakuwa zimeshakuhukumu wewe kabla hujafika nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipa wa Likoni: Mwalimu shikamoo. Alama ya penalti imejaa maji. Mpigaji anaweza kusogeza mpira pembeni kidogo?

Jibu: Marahaba. Hawezi, hata kiganja. Mpira unakaa kwenye alama, angalau sehemu yake iguse au iwe juu ya kitovu cha alama. Simamisha, toa maji kwa godoro lako, rudisha alama kwa kamba, ndipo apige. Kwa penalti za kuamua mshindi mambo ni mepesi kidogo: kwa kawaida unarusha sarafu kuchagua goli, lakini ardhi ikiwa mbaya upande mmoja unaweza kuchagua lililo zima bila sarafu. Na likiharibika katikati ya penalti, unaruhusiwa kuhamia la pili.

Katibu wa timu, Kisauni: Ndugu refa, wewe unasema "kataa uwanja" kana kwamba ni bure. Sisi tumekodi matatu, tumelipa uwanja, wachezaji wameacha vibarua. Ukikataa, hasara ni ya nani?

Jibu: Katibu, uchungu huo naujua, nami nimekuwa katika matatu hiyo kabla ya kushika kipenga. Hasara itaamuliwa na wasimamizi wa ligi kwa kanuni zao; mimi sina mamlaka ya kumpa mtu pointi. Kazi yangu ni moja, kusema kama watu 22 wanaweza kucheza hapa bila kuumizwa na ardhi. Ndiyo maana nakuja saa moja na nusu mapema, na ndiyo maana naomba makatibu mtume mtu Jumamosi jioni akatazame uwanja baada ya hema kuondoka. Mkinipigia simu usiku huo, tutaokoa matatu yenu.

Dada Refa, Changamwe: Kaka, mimi shida yangu ni mistari kufutika. Dakika ya 65 kisanduku hakionekani, faulo inatokea ukingoni, kila mtu ana kisanduku chake kichwani. Na kepteni mmoja akachora mstari kwa njumu yake mwenyewe!

Jibu: Dada yangu, huyo kepteni ana kadi ya manjano. Kuchora alama uwanjani bila idhini ni utovu wa uanamichezo. Usikimbie kumpa katikati ya mchezo kama hamdhuru mtu. Subiri mpira utoke. Kuhusu ukingo, mimi huweka alama zangu za nje ya uwanja kabla ya mechi: kijiwe cheupe nyuma ya mstari wa goli kila mahali ubavu wa kisanduku unapokutana nao, na kingine nje ya mstari wa pembeni, mita 16.5 kutoka kona, usawa wa mbele ya kisanduku. Mstari ukifutika, macho yanaunganisha vijiwe. Wakati wa mapumziko, dai ipakwe upya. Na kumbuka mistari ni sehemu ya kisanduku; faulo juu ya mstari ni penalti.

Chipukizi wa Jomvu: Mpira unaelekea wavuni, kipa ameshapitwa, mbuzi anapita, unamgonga mbuzi na kuingia. Wallahi si utani, ilitokea mbele yangu. Refa akakataa.

Jibu: Nakuamini, mbuzi wa Jomvu nawafahamu. Kama mbuzi hakumzuia mlinzi yeyote kuucheza mpira, na si timu inayoshambulia iliyomwingiza, goli ni halali, hata kama mpira umemgusa. Kama ungemgonga ukaenda nje, hakuna goli: unadondosha mpira. Watu hudhani haki ya mshambuliaji ingelindwa kwa kumpa goli ambalo "lingeingia". Halipo.

Mzee wa Serani: Mwanangu, uwanja wetu wa mtaani una tawi la mwembe linaingia ndani juu ya kona. Sisi tangu zamani tulicheza tu, mpira ukigonga tawi tunaendelea. Nyinyi wa siku hizi mnapuliza.

Jibu: Mzee wangu, dawa ya kwanza ni panga, mwenye mwembe akiridhia. Asiporidhia, nawaambia makepteni kabla ya kuanza nitakachofanya, ili asije mtu na hoja mpya dakika ya 80: mpira ukigonga tawi na mkondo wa mchezo ukabadilika, nasimamisha na kudondosha. Ukigusa jani na kuendelea na safari yake, sina filimbi. Nyinyi mlikuwa mnajuana uwanja mzima. Mimi nachezesha wageni ambao hawajui hata mwembe uko upande gani.

Kocha wa watoto, Mikindani: Uwanja wetu hauzidi mita 80. Mwaka jana refa mmoja alisema hachezeshi kwa sababu sheria ni 90. Watoto ni wa miaka 12!

Jibu: Sheria inasema urefu ni mita 90 hadi 120 na upana 45 hadi 90, lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu vyama vya nchi kubadilisha vipimo kwa watoto, wakongwe, walemavu na soka ya mashinani: ukubwa wa uwanja, magoli, uzito wa mpira, hata dakika. Kwa watoto wa miaka 12, mita 80 zinawatosha na kubaki. Ningemwomba refa huyo asome kurasa za mwanzo za kitabu cha sheria, ambazo sote huzirukia tukikimbilia ofsaidi. Kwa ligi ya wakubwa, mita 80 ningeiandikia ripoti.

Chipukizi wa Jomvu: Samahani, narudi tena. Wachezaji wa timu ya mchangani wanataka kucheza peku, wanasema njumu zinazama. Niwaruhusu?

Jibu: Hapana. Viatu ni vifaa vya lazima, pamoja na vikinga ugoko. Peku ni soka ya ufukweni, ambayo ina sheria zake. Mchezaji akivuliwa kiatu kwa bahati mbaya anaweza kuendelea, hata afunge, ila avae mpira ukitoka nje tu. Wenye njumu za meno marefu wavae raba zenye soli ya kushika, hilo halikatazwi.

Dada Refa, Changamwe: Kaka, na hiyo kamba ya leso inauzwa wapi? Nimezunguka Mwembe Tayari nzima.

Jibu: Haiuzwi, dada, inafungwa nyumbani. Kongowea utapata katani kwa mita. Nunua 20 ili ubaki na ya kushikia. Leso omba kwa mama, ile iliyochanika. Tandika tepu sakafuni, funga kipande kimoja kimoja ukianzia cha mita 1, na ukimaliza ipime yote upya kesho yake asubuhi. Mafundo hula urefu. Yangu ya kwanza ilikuwa na sentimita 30 pungufu kwenye alama ya penalti, na niliichezeshea mechi mbili kabla ya kujua.